Mtama Usioguswa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mkeka, nasi tukakaa juu yake.

Tumekaa!

Hamjakaa. Sogeeni. Wewe uliyejitenga pale mlangoni, njoo ndani, hakuna atakayekung'ata. Bega liguse bega. Ngano hii haisikiki kwa watu waliokaa mbalimbali. Haya, sasa nawaona. Hadithi, hadithi!

Njoo na ukweli wako, njoo na uongo wako!

Hapo zamani za kale, kabla mito haijapewa majina, palikuwa na kijiji kiitwacho Mabuani. Watu wa Mabuani walikuwa wema. Walisalimiana, walizikana, walipeana moto wa kukokea jiko. Lakini walikuwa na jambo lao moja. Walipima watu kwa mtama. Mwenye mtama mrefu, huyo ndiye mwenye akili. Mwenye mtama mrefu, huyo ndiye mwenye neno barazani. Mwenye mtama mrefu, huyo ndiye anayeoa. Msicheke. Nanyi mna vyenu mnavyopimia watu, ila mimi nimeletwa hapa kusimulia, sikuletwa kugombana.

Desturi yao ilikuwa hivi. Msichana akiposwa na wawili, baba hasemi ndiyo wala hasemi hapana. Anawakatia wachumba ngwe mbili, vipande viwili vya shamba vilivyo sawasawa, ubavu kwa ubavu. Kila mchumba anapanda mtama katika ngwe yake. Masuke yakiiva, baba anakuja na mwanzi mrefu, anapima. Mwenye mtama mrefu anaondoka na mke. Msichana haulizwi.

Na palikuwa na mwiko. Mtama wa posa hauguswi. Mchumba apalilie kwa jembe, asiuguse. Baba apime kwa mwanzi, asiuguse. Mpita njia atazame kwa macho, asiuguse. Walisema mkono hufupisha mtama. Nao hawakusema uongo, maana mmea ukiguswaguswa huacha kukimbilia juu, ukanenepa chini. Walilolijua lilikuwa kweli. Ila walilijua nusu.

Katika kijiji hicho aliishi msichana, jina lake Sikudhani binti Mwinshehe. Sikudhani alikuwa hawezi kukaa peke yake. Alilala mkeka mmoja na binamu zake. Alichota maji na wenzake. Hata akila, alikula akiegemea bega la shangazi yake, Bi Chiku, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bi Chiku alikuwa akimwambia, "Mwanangu, utanimwagia mchuzi." Lakini mwenyewe hasogei.

Basi Sikudhani akaposwa na wawili.

Wa kwanza alikuwa Kibwana, kijana wa nyumba ya tatu. Kibwana hakuwa na ng'ombe, hakuwa na maneno mengi, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Sikudhani aliupenda ule mwanya. Kwa nini? Kamuulizeni yeye.

Wa pili alikuwa Pazi. Tumpe haki yake: Pazi alikuwa mzuri wa sura, na mkulima hodari. Ila hakupenda kubanwa. Barazani alikuja na kigoda chake, akakiweka pembeni. Chakula alikula peke yake. Nyumba yake aliijenga ng'ambo ya kilima, mahali ambapo moshi wa jirani hauonekani, na habari hiyo alimpa Sikudhani kama mtu anayempa zawadi.

"Kwangu kuna nafasi," alimwambia. "Mke wangu hatasukumana na mtu kisimani. Tuna kisima chetu. Hatasikia kelele za watu."

"Na shangazi yangu akitaka kuja kunitazama?"

"Aje sikukuu," Pazi akasema. "Mwaka una sikukuu."

Sikudhani akaogopa. Hakumwogopa Pazi. Aliiogopa ile nyumba. Akajiona amekaa uani kwake, asubuhi mpaka jioni, hakuna wa kumwita jina.

Mvua zikaja, Mzee Mwinshehe akakata ngwe mbili. Pazi akapanda mtama wake mbalimbali, shina hapa, shina kule, katikati mtu angeweza kutandika mkeka akalala. Jani la huku halikulifikia jani la kule. Kibwana naye akapanda kama alivyoona mama yake akipanda, karibu karibu, akaenda zake.

Sasa Sikudhani hakutulia. Kisimani alikuwa amewasikia wanawake wakisema kunde hunenepesha ardhi. Akajisemea, ardhi ikinenepa, mtama utarefuka. Mtama ukirefuka, Kibwana ameshinda. Kibwana akishinda, mimi nimebaki kwetu. Akachukua kunde katika chungu cha mbegu cha shangazi yake, akazifunga kwenye ncha ya kanga. Mchana watu walipokwenda ngomani, akapita katika ngwe ya Kibwana akizidondosha. Chache hapa, chache pale, chache kule, akazifukia kwa dole gumba la mguu. Mwiko hakuuvunja, maana mtama ulikuwa haujaota. Akarudi nyumbani akiimba.

Mtama ukaota. Mzee Mwinshehe akaja na mwanzi wake kwa mara ya kwanza. Akapima huku, akapima kule.

"Sawasawa," akasema.

Kisha kunde zikaota. Mnazijua kunde? Ni mmea usio na haya. Hausimami wenyewe, unatafuta mtu wa kumshika kiuno. Kunde za Sikudhani zikatambaa, zikaukuta mtama wa Kibwana, zikaushika. Zikashika bua hili, zikanyoosha mkono zikashika bua lile. Upepo mdogo ukipita, kunde inavuta bua, bua linagusa jirani, jirani anagusa jirani yake. Kutwa nzima kazi ni kugusana.

Na mtama una nini, jamani? Hauna macho. Hauna masikio. Hauna pua. Una ngozi tu. Lakini kwa ngozi hiyo unajua umeguswa, na unajua hauko peke yako. Mwenzako akichomwa na jua, akitafunwa na mdudu, akisukumwa na upepo, neno linapita jani kwa jani, nawe unajiweka tayari kabla baya halijakufikia. Siku zile, mtu angetega sikio katika ngwe ya Kibwana angeusikia ukiimba. Niitikieni:

*Jirani, nakugusa.*
Nimekusikia!
*Jambo zito laja.*
Nimekusikia!
*Jikunje, jishike.*
Nimejikunja, nimejishika!

Katika ngwe ya Pazi palikuwa kimya. Kila bua na lake.

Mzee Mwinshehe akaja na mwanzi wake kwa mara ya pili. Akapima huku, akapima kule. Mtama wa Pazi ulikuwa umempita mtu kichwa. Mtama wa Kibwana ulimfika kifuani.

"Pazi," akasema.

Watu wa Mabuani wakacheka. Walisema mtama wa Kibwana umechoka mapema, umeamua kukaa kitako. Pazi hakucheka, ila alianza kumwita Mzee Mwinshehe "mkwe." Shikamoo mkwe, habari za asubuhi mkwe, mvua imekuwa nzuri mkwe.

Sikudhani akautazama mtama wa Pazi, mrefu, mwembamba, hakuna kilichoushika. Akautazama mtama wa Kibwana, mfupi, mnene, umezongwa na kunde kutoka shinani. Akaelewa. Unaguswa! Zile kunde kutwa zinaugusa, nao ukaguswa, ukafupika. Mkono uliomponza Kibwana ulikuwa wa Sikudhani mwenyewe. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa Sikudhani alizaliwa palepale akaanza kulia.

Akamfuata Kibwana shambani. Akamkuta amechuchumaa pembeni ya ngwe, mikono nyuma, anazitazama kunde.

"Kibwana," akamwambia, "kunde hizi nimezipanda mimi."

Kibwana akageuka. "Nilidhani ni kwale wamezidondosha."

"Nilitaka mtama wako urefuke. Nimeufupisha. Zing'oe."

Kunde hazikuwa na mwiko. Kibwana akashika moja, akaivuta taratibu. Bua la mbele yake likatikisika. La nyuma yake likatikisika. Na mengine yakafuata, mpaka mwisho wa ngwe. Akaiachia.

"Zimekwisha kushikana," akasema. "Nikizing'oa, nitang'oa na mtama."

"Basi tumekwisha."

"Hatujaisha. Tumekuwa wafupi tu."

Sikudhani akacheka, na machozi yanamtoka. Akarudi nyumbani, akaketi karibu na shangazi yake. Bi Chiku hakumwuliza. Alimsogezea tu bega.

Kisha mvua ikakatika, likaja jua. Nalo halikuwa jua la kuanikia udaga, lilikuwa jua la kuchoma mawe. Katika ngwe ya Pazi kila bua lilipigwa peke yake, bila habari, na ncha za majani zikaungua zikawa hudhurungi. Pazi akabeba maji mtoni kwa kichwa, alfajiri, adhuhuri, alasiri. Mtu yule alifanya kazi, tusimnyime sifa. Akauokoa mtama wake.

Kibwana hakuwa na mitungi ya kutosha. Alisimama akitazama tu. Lakini katika ngwe yake bua la pembeni lilipoona moto, lilikunja majani yake. Likagusa jirani.

*Jirani, nakugusa.*
Nimekusikia!
*Jua la moto laja.*
Nimekusikia!
*Jikunje, jishike.*
Nimejikunja, nimejishika!

Jua lilipofika katikati ya ngwe, likakuta majani yamekwisha kujikunja zamani. Likapita. Mvua iliporudi, mtama wa Kibwana ulikuwa kijani kibichi. Sikudhani aliliona hilo, na hakulielewa. Akamwonyesha shangazi yake.

"Naona," Bi Chiku akasema. "Lakini baba yako hapimi kijani, mwanangu. Anapima urefu."

Masuke yakajaa, yakaanza kuiva. Siku ya kupima ikatajwa, mbiu ikapigwa. Sikudhani alikuwa na tumaini moja tu limebaki, nalo ni baya, aliona haya hata kulitamka. Aliomba upepo.

Na upepo ukaja, alasiri moja, siku chache kabla ya kupima. Tufani ya kung'oa makuti. Sikudhani na Bi Chiku waliushikilia mlango kwa migongo yao, na kuku wote ndani. Upepo ulipopungua, mvua ikaendelea, na hakuna aliyetoka nje. Sikudhani alipochungulia, aliona mtu mmoja anapita kuelekea mashambani. Alikuwa Pazi, ana matope mpaka magotini, ana gombo la ukambaa begani, ile kamba ya kusuka kwa ukindu.

"Huyu anakwenda wapi na mvua hii?"

"Mwenye shamba hana mvua," Bi Chiku akajibu, akarudi kwa kuku wake.

Siku ya kupima kijiji kizima kikaja. Sikudhani alitembea nyuma ya shangazi yake, macho chini. Walipofika akayainua, na moyo ukafa. Mtama wa Kibwana ulikuwa umesimama, umelala kidogo upande, kunde zimeufunga, masuke mazito. Na mtama wa Pazi nao ulikuwa umesimama. Wima. Mrefu kuliko mwanamume aliyembeba mwanamume mwenzake mabegani. Upepo ulikuja, ukaenda, na haukumsaidia Sikudhani kitu.

"Mkwe," Pazi akasema, "karibu upime."

Mzee Mwinshehe akainua mwanzi wake kwa mara ya tatu. Akausimamisha kando ya mtama, kiganja kimoja mbali, asiuguse. Akapima huku. Akaenda kupima kule.

Sikudhani akaendelea kuutazama mtama wa Pazi, maana macho hayakuwa na pengine pa kwenda. Upepo mwepesi wa asubuhi ukapita. Ngwe ya Kibwana ikatikisika yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Ngwe ya Pazi, majani yakapepea, mabua hayakutikisika. Hata moja. Na majani yenyewe yalikuwa yamelegea, na umande ungali juu yake. Akajiuliza, mtama gani huu usiotikiswa na upepo? Ama una nguvu kuliko mtama wote duniani, ama umekufa. Ni ipi kati ya hizo mbili, hakujua.

Mzee Mwinshehe akashusha mwanzi. "Pazi," akasema.

Hapo ndipo Sikudhani alipopiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nimekubali."

Bi Chiku akashika kifua. Kibwana akatazama miguu yake.

"Ila nina swali, baba. Mama alipoolewa, suke la kwanza alilikata nani?"

"Alilikata mwenyewe," Mzee Mwinshehe akasema, na sauti yake ikalainika. "Ndiyo desturi. Mke hukata suke la kwanza la mumewe, likapikwa uji siku hiyohiyo."

"Basi naomba kisu."

"Hakuna haja," Pazi akasema upesi. "Umande bado, atalowa. Mkwe, nitamkatia mimi."

Sasa Bi Chiku alimlea mtoto yule. Alizijua sauti zake zote, ya njaa, ya homa na ya ujanja. Akaachia kifua chake.

"Sijaona bibi arusi wa kuyeyuka kwa umande," akasema. "Mpeni kisu."

"Na mwiko?" Pazi akauliza.

"Mwiko ni mpaka upimwe," Mzee Mwinshehe akajibu. "Na nimekwisha kupima."

Sikudhani akapewa kisu. Hapa, jamani, shikeni roho zenu. Neno alikuwa amelitoa mwenyewe, mbele ya baba na mbele ya kijiji. Bua likishika ardhi, ameolewa. Atavuka kilima, ataingia katika ile nyumba, na shangazi atakuja sikukuu. Hapakuwa na mlango wa kurudia. Akaingia katika ngwe ya Pazi, akasimama mbele ya bua la kwanza. Suke lilikuwa juu kabisa. Hakulifikia. Ilibidi alivute bua ndipo akate.

Akanyoosha mkono, akalishika. Lilikuwa laini na baridi, kama kamba iliyolala kisimani.

Akavuta.

Bua likaja. Likaja na kigingi chake. Kigingi kikaja na ukambaa. Na ule ukambaa ulikuwa mmoja. Pazi alipoukuta mtama wake umelala chini wote siku ile ya tufani, aliusimamisha ndani ya mvua kwa vigingi vilivyofichwa na majani, na kwa haraka aliyokuwa nayo akapitisha kamba moja kwa mabua yote. Mtu asiyependa kugusana, mtama wake wote aliufunga kamba moja! Bua la kwanza likavuta la pili, pu. La pili likavuta la tatu, pu. La tatu likavuta la nne, na kutoka hapo nani ahesabu? Pu, pu, pu, ngwe nzima ikalala, na bua la mwisho likampiga Mzee Mwinshehe kichwani, kofia ikaenda matopeni.

Njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa na mtama mrefu.

Mtu mmoja akaanza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa. Mzee Mwinshehe akaokota kofia yake. Akaikung'uta.

"Pazi. Mtama wako ulianguka lini?"

"Siku ya tufani, Mzee." Lile neno mkwe lilikuwa limekwisha.

"Wote?"

"Wote." Pazi akatazama ngwe yake. "Nimeulima mimi, Mzee. Maji nimebeba kwa kichwa changu. Sikuweza kuuona umelala."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua, kwa hiyo hakuna aliyemtukana.

"Lakini na ule wa Kibwana," Pazi akaongeza, "nani ameugusa? Nani ajuaye kama haukufungwa?"

Mzee Mwinshehe akageuka. Akaenda mpaka kwenye ngwe ya Kibwana. Katika umri wake wote hakuwahi kuugusa mtama wa posa. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akalishika bua la kwanza. Lilikuwa nene, limejaa kiganjani. Akalitikisa. Likagusa jirani, jirani akagusa jirani, mtikisiko ukaenda mbali mpaka mwisho wa ngwe, kwale wawili wakaruka kutoka huko. Hakuna kilichoanguka. Akatafuta kigingi, hakuna kigingi. Akatafuta kamba, akaona kunde.

Basi akageuza mgongo, akaegemea. Mzee mzima, na uzito wake wote. Mabua yakainama kidogo, ya nyuma yakayapokea, ya nyuma zaidi yakayapokea hayo.

*Jirani, nakugusa.*
Nimekusikia!
*Mzee mzito aja.*
Nimekusikia!
*Jikunje, jishike.*
Nimejikunja, nimejishika!

Yakambeba. Akakaa hapo kitambo, macho amefumba. Watu wakangoja.

"Baba, vipi?" Sikudhani akauliza.

"Ngojeni kwanza," Mzee Mwinshehe akasema. "Nimesimama miaka mingi."

Akafumbua macho, akamtazama binti yake. "Uliposema umekubali, ulikuwa unajua kama mtama wa Pazi umefungwa?"

"Sikujua, baba. Nilibahatisha."

Mzee Mwinshehe akatikisa kichwa, akavuta pumzi ndefu. Alikuwa anaona sasa jinsi mtoto wake alivyokuwa ameogopa, tangu mbegu mpaka suke, na yeye hakumwuliza. "Njoo ukate huku," akasema. "Hapa huna haja ya kuvuta. Unalifikia."

Watu wakacheka, kicheko cha watu walioshusha mzigo. Sikudhani akakata suke la Kibwana. Akamtazama Kibwana, Kibwana akatabasamu na ule mwanya wake. Hapo akamwangukia shangazi yake. Bi Chiku akamdaka, wakaketi wote wawili chini, kwenye matope, mtoto analia, shangazi anacheka, kisha wakabadilishana.

Lakini masuke ya Pazi yalikuwa chini, na suke lililolala matopeni huchipua. Hicho kilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Wa kwanza kuingia katika ngwe ile alikuwa Kibwana. Aliinama akaanza kuokota. Kisha Sikudhani. Kisha kijiji kizima, wakajipanga safu, bega kwa bega, wanasonga mbele. Pazi alisimama pembeni akitafuta mahali pa kuingia peke yake. Hapakuwapo. Mwishowe akajipenyeza katikati ya Kibwana na Bi Chiku.

"Sogea karibu, mwanangu," Bi Chiku akamwambia. "Masuke yanapita katikati yetu."

Pazi akasogea. Mpaka jua linapinduka, hakuna suke lililobaki chini. Pazi akaketi juu ya lundo la mtama wake, akafuta uso, akashukuru watu mmoja mmoja. Na msimu uliofuata, alikuja kwa Bi Chiku kuomba mbegu za kunde.

Tangu hapo Mabuani hawapimi kwa mwanzi. Mtama wa posa ukiiva, baba mkwe anakuja, anageuza mgongo, anaegemea. Ukimbeba, amepata mkwe. Ukimwangusha, anajikung'uta anakwenda zake. Wenye baba mkwe mnene wana kazi, lakini wanapanda kunde.

Na Sikudhani alijengewa nyumba palepale, ukuta kwa ukuta na watu. Asubuhi ya kwanza aliamshwa na jirani anayekohoa upande wa pili wa ukuta. Akakisikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha. Akajifunika shuka, akalala tena.

Hapo ndipo nilipoikuta, na hapo ndipo ninapoiacha. Ikiwa tamu, mwonjesheni jirani. Ikiwa chungu, niachieni mimi niimeze.

Tumeonja!

Basi laleni salama.